Kwetu ni Mazoezi, kwa Mtoto ni Shule

Katika vyuo vyetu vya ualimu neno "mazoezi" limezoeleka kiasi kwamba hatulisikii tena. Tunasema mwanachuo "amekwenda mazoezi", "amerudi mazoezi", "amefaulu mazoezi", kana kwamba tunazungumza juu ya mcheza mpira aliyekwenda kunyoosha viungo kabla ya mchezo wenyewe. Neno hili halina ubaya, wala hatukusudii kulibadilisha. Lakini lina hatari moja ambayo yafaa kila mwalimu mtarajiwa aitambue kabla hajafunga sanduku lake na kwenda shuleni. Kwa mwanachuo, majuma yale ni mazoezi. Kwa mtoto wa Darasa la Tatu aliyeketi mbele yake, majuma yale ni shule yenyewe. Somo likiharibika leo, mwanachuo atashauriwa, atasahihishwa, na kesho atajaribu tena kwa darasa jingine. Mtoto hana Darasa la Tatu jingine la kujaribia.

Mwaka wa masomo katika shule zetu za msingi kwa kawaida huhesabiwa siku 194. Mwanachuo anayepewa majuma manane ya mazoezi hukaa na darasa lake siku 40, yaani kama sehemu moja ya tano ya mwaka mzima wa mtoto. Mkulima akimkabidhi kijana anayejifunza kilimo sehemu ya tano ya shamba lake, bila shaka atapita kila jioni kuangalia jembe linakwendaje. Mzazi wa mtoto hana nafasi hiyo. Aghalabu hata hajui kwamba mwalimu wa mwezi ule ni mwanafunzi. Ametuamini bila ya kutuona. Makala haya yanahusu namna ya kuistahili imani hiyo, na namna mwanachuo anavyoweza kuifanya kazi ya kweli, na kujifunza kwayo, angali yu chuoni.

Tunaandika tukiwa tumeyapitia mazoezi hayo sisi wenyewe katika shule ya kijiji mkoani Shinyanga, na baadaye tukayasimamia kwa miaka kadhaa tukiwa wakufunzi. Kwa hiyo tumeyaona kutoka pande mbili: mbele ya ubao, na kutoka dawati la nyuma.

Mipaka ya kufundishana wenyewe

Kabla ya kwenda shuleni, wanachuo hufundishana wenyewe kwa wenyewe. Nasi tulifanya hivyo. Tuliketi katika madawati tukajigeuza watoto wa miaka tisa. Mmoja akajifanya mtoro, mwingine akajifanya mwenye kulia, na mwenzetu aliyesimama mbele akahangaika nasi kwa dakika kumi na tano. Tulicheka sana, na tulijifunza pia. Tulijifunza kuandika ubaoni kwa mstari ulionyooka, kusimama bila ya kuyaziba maandishi, na kuuliza swali kwanza ndipo tumtaje wa kujibu, ili darasa zima lipate kufikiri kabla ya jina kutajwa. Stadi kama hizi zaweza kufanyiwa kazi moja moja. Ndiyo maana katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani kilianzisha utaratibu wa mwalimu mtarajiwa kufundisha somo fupi mno mbele ya kundi dogo, kisha kulichambua na kulirudia. Utaratibu ambao vyuo vingi vya ualimu duniani viliuiga.

Hata hivyo utaratibu huu una mpaka wake. Mwanachuo mwenzako hawezi kusahau anachokijua. Ukimwuliza 52 ukitoa 27 ni ngapi, anaweza kujifanya hajui, lakini hawezi kukosea kama mtoto anavyokosea. Kosa la mtoto lina njia yake, na njia hiyo imekwisha kufutika katika kichwa cha mtu mzima. Mwanachuo aliyefundisha wenzake mara ishirini amejifunza kusema vizuri. Bado hajajifunza kusikiliza, kwa sababu hajapata mtu wa kumsikiliza.

Siku tatu bila ya chaki

Tulipofika katika ile shule ya kijiji tulikuwa wanne, kila mmoja na maandalio ya masomo ya juma zima, yameandikwa kwa wino na kupigiwa mistari kwa rula. Tulikabidhiwa kwa mwalimu wa Darasa la Tatu, mama mtu mzima aliyekwisha kufundisha zaidi ya miaka ishirini. Aliyapokea maandalio yetu, akayasoma yote bila ya haraka, akayarudisha.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Maandalio yenu ni mazuri. Chaki nitawapa siku ya Alhamisi."

Ilikuwa Jumatatu. Mmoja wetu, kwa adabu, alimkumbusha kwamba chuoni tumeagizwa kuanza kufundisha juma lile lile.

"Mtafundisha, mwanangu. Lakini hapa umeandika 'wanafunzi wataweza kutoa kwa kukopa'. Wanafunzi gani? Huwajui hata mmoja."

Basi akatupa kila mmoja daftari tupu. Tulitakiwa kuandika majina ya watoto wote wa darasa, nao walikuwa 70, kila jina mstari wake, na mbele ya kila jina jambo moja tulilojionea wenyewe. Hakutaka jambo tulilosimuliwa. Alitupa pia kazi: kuita majina asubuhi na kulijaza daftari la mahudhurio, kusimamia usafi, kujaza maji mtungini, kugawa na kukusanya madaftari ya watoto, kuketi nyuma wakati yeye akifundisha. Kwa siku tatu hatukuandika neno ubaoni.

Daftari lile lilitufunza mambo ambayo hakuna andalio lililoyataja. Palikuwa na mvulana aliyesinzia kila siku katika kipindi cha kwanza. Tulipoandamana naye njiani jioni tulifahamu kwamba huwatoa ng'ombe zizini alfajiri, kisha huivuka mbuga kwa miguu kuja shuleni. Palikuwa na msichana mwenye mwandiko mzuri kupita wote, aliyenakili kila kitu kutoka ubaoni bila ya kosa, na ambaye hakuweza kusoma hata neno moja katika aliyoyaandika. Alikuwa akichora herufi. Palikuwa na watoto wawili waliokaa pamoja kila siku: wa kwanza alinong'ona jibu kwa Kisukuma, wa pili akanyosha mkono na kulitamka kwa Kiswahili, na sifa zote zikamwendea wa pili.

Katika imla tuligundua pia kwamba watoto wengi waliandika "Baba alifanya kalamu" badala ya "karamu". Lugha yao ya nyumbani haitenganishi sauti hizi mbili, na masikio yao yalisikia sauti moja. Mwalimu asiyejua jambo hili atalihesabu kuwa uzembe, ampe mtoto adhabu ya kuandika neno mara hamsini. Anayelijua ataanza kwa masikio: atatamka maneno mawili mawili, kalamu na karamu, mahali na mahari, huku watoto wakinyosha mkono mmoja wakisikia sauti ya kwanza, na mikono miwili wakisikia ya pili. Baadaye ndipo aishike chaki.

Yule mama alitueleza sababu ya siku zile tatu kwa hesabu rahisi, nayo twairudia hapa kwa sababu hatujapata iliyo bora kuliko hiyo. Kipindi kina dakika 40. Watoto ni 70. Mwalimu akizigawa dakika zake sawasawa, kila mtoto atapata sekunde 34. Katika sekunde hizo mwalimu hawezi kuanza kuuliza, "Wewe unaitwa nani, na tatizo lako ni nini?" Lazima awe amekwisha kujua kabla ya kengele kulia.

Jibu la 35

Alhamisi ilipofika tulipewa chaki kama tulivyoahidiwa. Somo la kwanza la Hisabati lilikuwa la kutoa namba za tarakimu mbili. Mmoja wetu alifundisha, na watoto wakafanya zoezi la maswali matano. Jioni tuliketi pamoja na yule mama tukasahihisha madaftari 70. Kazi hiyo, hata kwa dakika moja kwa kila daftari, ni saa moja na dakika kumi. Nasi tulitumia zaidi ya hapo, kwa kuwa hakuturuhusu kuweka alama ya kosa kabla ya kusema kosa limetoka wapi.

Katika swali la 52 kutoa 27, watoto wengi walikuwa wameandika 35. Haikuwa kubahatisha, kwani watoto waliokaa mbali mbali walikuwa na jibu lile lile. Tukayafuata maandishi yao. Katika mamoja walikuta 2 juu na 7 chini. Saba haitoki katika mbili, basi wakageuza, wakatoa mbili katika saba, wakapata tano. Katika makumi wakatoa mbili katika tano wakapata tatu. Jibu: 35. Watoto hawa hawakuwa wavivu, wala hawakuwa wamekosa kusikiliza. Tangu Darasa la Kwanza walikuwa wamesikia kwamba hutolewa namba ndogo katika namba kubwa, na sasa walikuwa wakiitii kanuni hiyo kwa uaminifu mahali isipofaa.

Usiku ule lile andalio zuri la kesho yake liliwekwa kando na jipya likaandikwa. Tulikata mabua ya mtama vipande vifupi, tukafunga mafungu ya vipande kumi kumi kwa uzi wa katani. Asubuhi kila kundi la watoto lilipata mafungu matano na vipande viwili, na kutakiwa kumpa jirani vipande saba. Viwili havitoshi. Tulingoja. Mtoto mmoja akauliza kama inaruhusiwa kufungua fungu. Swali hilo ndilo lililokuwa somo zima. Fungu moja likafunguliwa: yakabaki mafungu manne, na vipande vikawa kumi na viwili. Vikatolewa saba, vikabaki vitano. Yakatolewa mafungu mawili, yakabaki mawili. Ishirini na tano. Baada ya hapo ndipo tuliandika ubaoni kile ambacho mikono ilikuwa imekwisha kukifanya.

Twaeleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndani yake mna faida yote ya kufanya kazi ungali unasoma. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba zana hurahisisha somo, na katika mtihani tungaliweza kuandika kurasa mbili juu ya faida za zana. Lakini zana ya mabua haikutoka katika kurasa zile. Ilitoka katika madaftari yenye jibu la 35. Mwalimu hutafuta zana akiisha kujua ni kitu gani mtoto hakioni. Akiitafuta kabla ya hapo, atakuwa anapamba ukuta. Na maarifa ya aina hii hayapatikani kwa kufundisha peke yake. Hupatikana kwa kusahihisha, kazi ambayo wanachuo wengi huiona kuwa ni adhabu ya jioni.

Somo la mkufunzi

Tulipokuja kuwa wakufunzi na kupewa kazi ya kusimamia mazoezi, tuliyaona mambo kutoka upande wa pili, na upande huo una ugonjwa wake. Mwanachuo anajua kwamba mkufunzi atakuja na kwamba mkufunzi ana alama. Basi hutokea kwamba somo linaandaliwa kwa ajili ya mkufunzi. Ngurumo ya gari ikisikika barabarani, karatasi za manila hutoka kabatini, picha hubandikwa, na darasa lililokuwa likisoma kwa uchovu hujaa nyimbo na makofi.

Siku moja tuliketi nyuma ya darasa katika shule fulani kumwangalia kijana mmoja akifundisha Sayansi. Somo lilikwenda kama maji mteremkoni. Kila swali lilipata mikono yote, kila jibu lilikuwa sahihi, tena kwa sentensi kamili. Kijana alipouliza swali la nne, mtoto mmoja wa dawati la mbele alisimama kwa heshima akasema, "Mwalimu, hilo tulikwisha kulijibu juzi." Darasa likanyamaza. Somo lilikuwa limefundishwa mara mbili kabla yetu ili liwe tayari kwa ajili yetu.

Hatumtaji kijana yule ili kumcheka. Yeye alikuwa akifanya lile ambalo utaratibu wetu wa alama ulimfunza kulifanya. Lakini hebu tumhesabie mtoto yule: vipindi vitatu vya maisha yake vilitumika kwa jambo alilokwisha kulijua, ili watu wazima wawili waridhishane. Hapo ndipo tunaposema kwamba mazoezi yameigeuza shule kuwa jukwaa.

Mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, John Dewey, ambaye mwaka 1896 alianzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika mwaka 1904 juu ya uhusiano wa nadharia na vitendo katika kuwaandaa walimu. Alitofautisha namna mbili za kuyatazama mazoezi. Namna ya kwanza humfanya mwalimu mtarajiwa kuwa mwanagenzi anayechukua mbinu za fundi wake ili kazi iende leo. Namna ya pili huyafanya mazoezi kuwa maabara, mahali pa kuichunguza akili ya mtoto inavyofanya kazi. Alionya pia kwamba usikivu wa mtoto ni wa namna mbili, wa nje na wa ndani: mtoto aweza kumtazama mwalimu kwa macho yote ilhali mawazo yake yako kwingine. Mwanachuo anayehofia alama hujifunza upesi kuutawala usikivu wa nje, kwa sababu huo ndio unaoonekana kutoka dawati la nyuma.

Kwa hiyo sisi tuliamua, katika usimamizi wetu, kuyafungua madaftari ya watoto kabla ya kulifungua faili la maandalio. Daftari la mtoto halina maonyesho. Linaonyesha juma lililopita watoto walifanya nini, lilisahihishwa lini, na mwalimu aliandika neno gani. Baada ya somo, swali letu la kwanza kwa mwanachuo halikuwa "Umeonaje somo lako?" Tulimwomba atutajie watoto watatu ambao hawakuelewa, na atueleze ni wapi walipokwama. Aliyeweza kujibu tulijua yuko kazini. Asiyeweza, hata kama somo lake lilipendeza, tuliketi naye mpaka jua lipungue.

Kazi peke yake haitoshi

Huenda msomaji akasema: ikiwa kazi ndiyo mwalimu, basi na tupunguze chuo, tuwapeleke vijana shuleni moja kwa moja. Nchi yetu ina historia ya kutosha ya kulijibu jambo hili.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isiutenge ujuzi wa vitabu na kazi ya mikono. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwezi Novemba 1977. Watoto wangekuja, walimu hawakuwapo. Vyuo visingeweza kuwatoa wote kwa muda ule. Basi maelfu ya vijana waliomaliza elimu ya msingi walichukuliwa wakajifunza ualimu kazini: walifundisha kwa saa chache shuleni, na saa nyingine wakasoma kwa njia ya posta, kwa redio, na kwa kukutana na wakufunzi waliowekwa karibu nao, kabla ya kuingia chuoni kwa majuma machache mwishoni. Bila ya vijana hao, madarasa mengi ya vijijini yasingekuwa na mtu mbele ya ubao. Hilo yapasa kusemwa kwa heshima.

Miaka mingi baadaye, katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, upungufu wa walimu ulirudi pamoja na wingi wa watoto, na mafunzo ya miaka miwili yakagawanywa: mwaka mmoja chuoni, na mwaka mmoja shuleni. Utaratibu huo nao haukudumu. Baadaye miaka miwili ya chuo ilirejea.

Nyakati zote mbili zinafundisha jambo moja. Kazi humfunza mtu pale tu anapokuwapo mwingine wa kuitazama pamoja naye. Kijana aliyebahatika kupata mwalimu mwenyeji mwenye subira, au mkufunzi aliyefika mara kwa mara, alikomaa. Aliyeachwa peke yake na watoto 80 alijifunza nalo jambo, lakini alichojifunza ni namna ya kuipitisha siku: kunakilisha, kukaririsha, na kuchapa. Mazoea hayo nayo ni ujuzi uliopatikana kazini, tena hushika sana. Mtu aweza kurudia mwaka wa kwanza wa kazi mara ishirini akadhani ana miaka ishirini ya ujuzi.

Kwa hiyo tunamwomba mwalimu mwenyeji, kwa heshima zote, asiyahesabu majuma ya mazoezi kuwa ni likizo yake. Na tunamshauri mwanachuo aliyewekwa na mwenyeji asiyeonekana kwamba asikae kungoja. Na amtafute mwanachuo mwenzake wa darasa la jirani, wapeane zamu ya kuketi nyuma. Na kila jioni aandike mistari mitatu katika daftari lake: nilikusudia nini, watoto walifanya nini, kesho nitabadili nini. Mstari wa pili ndio mgumu, kwa kuwa unamtaka aandike waliyoyafanya watoto na si aliyoyafanya yeye.

Kazi iliyo nje ya kipindi

Neno fupi juu ya sehemu ya ualimu isiyopewa alama. Wako wanachuo wanaofika shuleni dakika tano kabla ya kipindi chao na kuondoka dakika tano baada yake. Hao wamefundisha, lakini hawajafanya kazi ya ualimu. Mwalimu wa zamu hufika kabla ya watoto. Hupokea mzazi aliyekasirika, na humpa kiti kabla ya kumpa jibu. Hujua ni mtoto yupi hajaja kwa siku tatu na humtuma jirani yake kuuliza. Huhesabu majembe yanapotoka ghalani na huyahesabu yanaporudi. Huketi katika kikao cha walimu akijifunza kunyamaza penye kunyamaza na kusema penye kusema. Mambo haya hayamo katika muhtasari wa somo lolote, na mwaka wa kwanza wa kazi humwangukia kijana yote kwa pamoja. Heri ayaonje akiwa bado ana mtu wa kumwuliza.

Tunapoondoka

Juma la mwisho la mazoezi huwa la furaha. Wanachuo hupiga picha na watoto, hugawa peremende, huimbiwa wimbo wa kuaga. Kisha huondoka na faili lao, na ndani ya faili hilo mna kila kitu kinachohusu maendeleo ya mwanachuo. Mwalimu mwenyeji hurudi darasani siku ya Jumatatu asijue somo limefika wapi, wala nani ameelewa na nani ameachwa nyuma. Huanza upya, au huruka. Katika hali zote mbili watoto hupoteza.

Twashauri kwamba kila mwanachuo, kabla ya kuaga, amkabidhi mwenyeji wake kurasa mbili zilizoandikwa kwa mwandiko unaosomeka. Ukurasa wa kwanza uonyeshe, katika kila somo, mada zilizokamilika, zilizoguswa tu, na zilizobaki katika azimio la kazi. Ukurasa wa pili uwe na majina ya watoto wanaohitaji kuangaliwa, na mbele ya kila jina jambo moja: huyu huchora herufi bila ya kuzisoma, huyu hunong'ona jibu sahihi lakini huona haya kulisema kwa Kiswahili, huyu hukopa vizuri katika mamoja, husahau kupunguza katika makumi. Kazi hiyo yahitaji jioni moja. Inawezekana tu kwa yule aliyekuwa akiandika mistari yake mitatu kila siku, na kwa hiyo ni kipimo kizuri kuliko vyote vya kama mazoezi yalikuwa kazi au yalikuwa maonyesho.

Ndugu wanachuo, muda si mrefu mtagawiwa vituo. Wengine watapata shule za mjini, wengine za mbali, na kama kawaida yatakuwapo manung'uniko. Mtakapofika, ulizeni kwanza idadi ya watoto, kisha ombeni daftari tupu. Andikeni majina. Chaki itakuja siku ya Alhamisi.